Mlima Ambao Haukuwamo

Nilirudi Ifakara na stashahada ya hali ya hewa na kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu. Hakuna aliyenishika mkono. Kutoka kufyatua tofali Mlabani hadi kuendesha modeli ya angahewa juu ya meza ya kulia, hapa mtaani Viwanja Sitini sijamwona mwingine.

Modeli, yaani programu ya kukokotoa hali ya hewa, huikata nchi vipande vya mraba. Milima ya Udzungwa humezwa ndani ya vipande hivyo, ikabaki kama mwinuko tu. Lakini upepo ukiupiga mlima wa kweli, hewa huyumba juu chini. Mawimbi yake hupanda, huvunjika, na huko juu huufunga upepo breki. Modeli haiwezi kuyaona, kwa hiyo breki hiyo huandikiwa hesabu yake pembeni. Mimi niliizima. Ilikuwa ikiikwamisha kompyuta, nami nilikwisha kutangaza kanisani kwamba kila Jumatatu nitatoa utabiri.

Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa amekata mpunga wake wote kule bondeni. Ulilala kwa matita, ukingoja Jumamosi, zamu yake ya kupuriwa na majirani. Jumatatu nikampelekea utabiri wangu.

"Shikamoo, shangazi. Usiwe na wasiwasi, upepo wa juu una kasi. Mvua itapita, ikanyeshe mbele huko."

"Marahaba, profesa wa mezani." Alicheka. "Nilitaka niwaombe wenzangu tupure kesho. Ule mlima pale, umo kwenye mashine yako?"

"Umo."

"Haya. Nisiwasumbue watu."

Alhamisi upepo ulilegea. Mvua ikasimama juu yetu siku tatu, mto ukatanda mashambani. Maji yalipopungua tulikuta matita mengine hayapo, mengine yamezama kwenye tope na kuchipua majani mabichi. Shangazi alichuma suke, akaling'ata, akatema.

"Ulisema umo," akasema.

Yeye aliyekuwa akigawa mchele kila msiba, mwaka ule alikula kwa watu. Kisha akahamia Kidatu kwa binti yake. Shamba limeota magugu.

Baadaye niliiwasha ile breki, nikaitabiri upya wiki ileile. Kompyuta ilijikokota siku mbili nzima, lakini mvua ikaja kusimama juu ya bonde, Alhamisi, palepale. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Sijamwonyesha mtu.