Mbwa Aitwaye Toka

Juzi nilisimama kwenye duka la dawa za mifugo Mwanakwerekwe, mwanangu nimembeba, nnataka dawa ya kupe. Mbwa wetu wa ulinzi kajaa kupe na mtoto ndo kwanza anatambaa, na baba yake kasema mbwa asipooga wiki hii anaondoka, na baba yake mwenyewe hulinda mizigo bandarini Malindi usiku kucha, kwa hiyo bila mbwa nnabaki peke yangu, na nnaogopa.

"Hakubali kuoshwa," nikamwambia muuzaji. "Akiona brashi tu, mbio!"

Bi mmoja aliyefuata dawa ya mbuzi akageuka. "Unamwitaje, mwanangu?"

"Simwiti, Bi. Akinisogelea namwambia toka."

"Na ukimpa chakula?"

"Naweka sahani, namwambia toka, mate yake yasije yakanigusa nami nna sala."

Muuzaji akacheka. Bi hakucheka. Akakunjua kiganja kitupu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Basi hilo ndilo jina lake. Mwite kwa hilo hilo, lakini kwa upole."

Jioni nikavaa glavu, nikajaza karai maji yenye dawa, nikachutama, nikakunjua kiganja. "Toka," nikamwita polepole. Akaja, mkia chini, akaingia karaini akitetemeka. Nikampiga brashi mgongo mzima huku nikilirudia neno lile.

Jamani wasomaji, kabla ya jioni ile sijapata kumwambia kiumbe "toka" huku nikimwomba asiondoke.