Viluwiluwi wa Kwenye Mwanzi

Mwalimu wetu wa sayansi, katika shule ya misheni karibu na Igowole, alituandikisha kwamba kiluwiluwi wa chura kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi mbio. Nilikuwa darasa la sita, wasichana tukiwa watatu tu. Niliandika, lakini sikuamini. Kila siku nilimwagilia vinyungu, bustani za mboga za mama kule bondeni, na kwenye mifereji nilijua kiluwiluwi yupi anashikika kwa mkono.

Nikapasua mwanzi, nikaujaza maji. Nilimgusa kila kiluwiluwi mkiani kwa jani la nyasi, nikahesabu hadi tatu, nikatia alama pale alipofika. Wadogo hawakufika mbali. Wakubwa waliwapita sana. Lakini waliokwisha kuota miguu yote minne walibaki nyuma, ingawa ndio waliokuwa wamekua kuliko wote. Nilirudia wiki nzima, nikaandika yote kwenye daftari, nikampelekea mwalimu.

"Nani amekutuma?" aliniuliza. Daftari akabaki nalo.

Mkaguzi wa shule alipokuja, mwalimu aliingia darasani na mwanzi uliopasuliwa, akaeleza yale yale niliyoyaandika, hata jani la nyasi hakuliacha. "Nimechunguza mwenyewe," alisema. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaanza kuandika.

Nikasimama. "Samahani, mwalimu. Kazi hiyo niliifanya mimi. Imo kwenye daftari langu."

Mwalimu alicheka kidogo. "Huyu binti alinisaidia kuchota maji."

Mkaguzi hakuniuliza hata neno moja. Wala hakuomba kuliona hilo daftari. Aliendelea kuandika, nami nikabaki nimesimama mpaka nikaambiwa nikae. Nimesamehe mengi maishani. Kalamu ile iliyoendelea kuandika sijaisamehe.

Jioni ilikuwa zamu yangu kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu, kazi ya wasichana peke yao. Sikwenda. Asubuhi alinichapa viganja vyote viwili mbele ya darasa, akanitaka niombe radhi. Sikuomba.

Nyumbani mama aliona nashindwa kushika mwiko. Nikamweleza yote. Alinipaka mafuta mikononi, kidole kwa kidole.

"Maji yake," akasema hatimaye, "kesho pia usichote."