Nati Niliyosema Nimeikaza

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kila nikishika spana, na kila nikiikumbuka natazama chini. Mimi nimezeeka, aibu yake haijazeeka. Kaa nikueleze, maana nawe umeanza kazi hii ya magari, na naona unapenda sifa kama nilivyozipenda mimi.

Nilikuwa najifunza ufundi hapa Kolwezi, kwenye gereji ya mzee Kalala, kando ya barabara ya Mashamba. Mikono yangu ilikuwa myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Asubuhi moja baba mmoja tuliyemwita tata Banza, katekista wetu, alileta gari lake tubadilishe amotisa za nyuma, zile zinazolizuia gari lisirukeruke kwenye mashimo. Alikuwa anamrudisha mama yake mzazi kwake Tenke. Nikamwambia anywe chai tu, kabla hajamaliza nitakuwa nimemaliza.

Nikainua gari kwa jeki, nikatoa amotisa kuukuu, nikaweka mpya. Nati za chini nikazizungusha kwa vidole tu. Hilo peke yake si kosa, kwani mzee alitufundisha kwamba nati za chini hukazwa kabisa gari likishashuka na kusimama kwa uzito wake. Basi nikalishusha. Palepale tata Banza akatokea na kikombe mkononi, anacheka.

"Ee, we uko mukali! Iko tayari?"

Mama yake alikwisha kukaa kiti cha nyuma, kapu lake magotini. Nilijua spana haijapita, nilijua kabisa. Lakini kusema "bado" mbele ya mtu anayenisifu, niliona haya. Mzee Kalala akauliza kutoka ndani kama spana imepita kwenye kila nati: "Bulo yote ulikaza na kle?"

"Nilikaza yote, tata."

Wakaondoka.

Kawia ufike, walisema wazee. Mbali kidogo na mji nati moja ilitoka, amotisa ikaning'inia, ikakata mpira wa breki. Gari likaingia mtaroni, na mama yule akavunjika mkono.

Gari lilipokokotwa hadi gereji, nilichungulia chini peke yangu, nikaona bolti haina nati. Sikusema. Ndugu za tata Banza walimlaumu yeye: anakimbiza gari, anataka kutuulia mama. Hata yeye mwenyewe akaanza kuamini. Nilimsikia akimwambia mzee Kalala kwamba hatashika usukani tena, pengine kweli alikimbiza. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nafuta spana kwa kitambaa. Mwanangu, naona aibu hata kukusimulia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kitandani kwa mama yule, siku ya nne, hospitalini. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Hakupaza sauti.

"Mukono itapona," alisema. "Lakini mutoto yangu banamutukana siku tatu mbele ya batoto yake, na we ulikuwa unasikia. Juu ya nini ulinyamaza?"

Nikamwomba anisamehe.

"Enda umwambie yeye," akasema, "mbele ya bandugu yake bote."

Nikaenda nikasema. Tata Banza alikaa chini akafunika uso kwa mikono. Kisha akanisamehe, siku ileile, kama Mkristo. Gari lake hakunipa tena, na sikumlaumu.

Basi sikia, mwanangu. Nati haikazwi kwa vidole, wala kwa maneno. Gari likishashuka, rudi chini na spana, pitia kila nati, ya juu na ya chini, kulia na kushoto, hata kama mwenye gari ameshawasha injini. Akikuuliza kama iko tayari, na haijawa, mwambie bado. Neno hilo halijamvunja mtu mkono. Na ukikosea, maana utakosea tu, sema siku hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mbaya zaidi, mwingine anaweza kulazwa na maradhi yako. Mkono wa mama yule ulipona. Zile siku tatu za mtoto wake sikuweza kumrudishia.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na ulimi usioogopa, na kila atakayepanda gari ulilolishika wewe afike kwao mzima.