Kichaka cha Mlimani na Chokaa ya Idi

Marehemu mama alikuwa mtu wa Lushoto aliyeolewa Tanga. Alishuka na mche wa kichaka cha mlimani, majani membamba kama sindano, kijani mwaka mzima. Ulikufa. Akatuambia umeshindwa na joto, na hadi uzeeni aliutamani.

Basi mama mdogo aliponiletea mwingine hapa Raskazone, nikaapa huu hautakufa. Alinielekeza: udongo wa kwao mlimani, kivuli, maji ya mvua, na chokaa isiusogelee. Nikafuata. Kila asubuhi niliunusa nikimkumbuka mama.

Ikaja Idi ndogo. Tangu enzi za mama, kwetu Idi haiingii mpaka vyungu vya maua vipakwe chokaa. Mjuzi mimi, nikapaka vyote, na chungu cha mche ule nikakirudia mara ya pili kwa mapenzi, chokaa nyingine ikamwagikia udongoni.

Idi kubwa mama mdogo akaja.

“Shikamoo, mama mdogo. Njoo uone, haujaangusha hata jani.”

“Marahaba.” Akagusa tawi. Majani yote yakapukutika barazani. Akakwangua chungu kwa ukucha, akautazama ule weupe.

“Kama mama yako tu. Na wewe utawaambia wanao ni joto?”