Analala au Anapumzika

Mimi nimelala Tanzania nzima. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini mwanamke anayeuza maharage hana njia nyingine. Nimelala hosteli za kanisa Iringa, ambako geti hufungwa mapema na mashuka yananukia sabuni. Nimelala lodge za Dodoma zenye vigae mpaka ukutani na bomba lisilotoa hata tone. Gesti za Makambako nazijua, kitanda kimoja na ndoo ya maji ya moto mlangoni. Nimelala ndani ya basi lililoharibika, nimelala juu ya magunia yangu mwenyewe. Kwa ndugu tu ndiko sipendi kufikia. Huko kitanda ni cha bure lakini unakilipia kwa kujibu maswali.

Kwa hiyo mume wangu aliponipigia simu, akiwa na lori upande wa Zambia, kunieleza kwamba baba yake anashuka kutoka kijijini kwake Mbebe, atalala Tunduma kisha kesho yake apande basi la Sumbawanga kwenda kumwona dada yake mgonjwa, nilimjibu kwa kiburi.

"Niachie mimi. Nani anajua vitanda kunizidi?"

Nyumbani kwetu hapo Tunduma asingeweza kulala. Katika ukoo nilikoolewa, kule Ileje, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono, sembuse kulala chini ya paa moja. Akipita, mimi napisha njia. Nikiwa na neno la kumwambia na hakuna mtu wa kati, namwambia kuku au nauambia mlango, naye anasikia. Mimi ni wa Ihanda, na kwetu mambo haya hayakukazwa hivyo, basi wifi zangu walinikalisha chini wakanifundisha. Waliniambia hata kitanda chake nisikitaje. Hata neno la kulala nisiliseme juu yake. Niseme baba anapumzika. Nilishika somo hilo kuliko walionifundisha, maana nilitaka sana yule mzee aone kwamba mtoto wake hakuokota mke barabarani.

Nikaenda kutafuta. Nilitaka mahali karibu na stendi ili asihangaike asubuhi, nikapata gesti yenye ua uliofagiwa na mapazia mapya. Mapokezini alikaa dada mmoja anayesuka nywele zake mwenyewe kwa kioo cha mkononi.

"Ni wewe?"

"Si mimi. Ni baba mkwe wangu."

"Analala au anapumzika?"

Nilihisi uso unawaka. Kuulizwa hivyo mchana kweupe, juu ya baba mkwe.

"Anapumzika," nikasema upesi.

"Mwenzake anakuja saa ngapi?"

"Hana mwenzake. Ni mtu mzima, mzee wa kanisa."

Yule dada aliacha kusuka, akanitazama, kisha akainua mabega. Bei ilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia. Nikalipa nikijisifu moyoni kwamba uzoefu ni mali.

Adhuhuri nilimpokea stendi, kama kutangulia hatua kadhaa mbele ya mtu bila kugeuka ni kupokea. Alikuwa na koti lake la ibada na mfuko wa ndizi. Tulipofika gesti niliuambia mlango kwamba mgeni akaribie, asubuhi chai italetwa. Nyuma yangu nikamsikia akiushukuru mlango. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepewa zawadi.

Asubuhi nilifika na chupa ya chai na maandazi. Chumba kilikuwa wazi, kinafagiliwa.

"Mzee wako aliondoka jana ileile," dada wa mapokezi alisema. "Muda wake uliisha, nikamgongea. Watu walikuwa wanasubiri chumba."

"Muda gani? Si nililipia mpaka asubuhi?"

"Ulilipia kupumzika, dada. Kulala ni bei nyingine." Aliniona bado nimekodoa macho, akapunguza sauti. "Kupumzika ni wale wanaokuja wawili, wanakaa saa mbili tatu wanaondoka. Nilikuuliza, ukajibu mwenyewe."

Nikaona yote kwa mara moja. Mzee wa kanisa anagongewa mlango, anatoka na mfuko wake wa ndizi, anapita ukumbini katikati ya kijana na msichana wanaosubiri zamu yao. Nao wanamtazama kama mwenzao. Mimi niliyelala nchi nzima sikulijua neno hilo, kwa sababu sisi wenye magunia hatuulizwi. Tunafika tumechoka na tumejaa vumbi, nani atuulize tumekuja kufanya nini.

Nilikimbia stendi. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mama muuza uji, kofia magotini, koti limelowa umande kwenye mabega. Tunduma baridi yake haina huruma. Nilisimama nyuma ya nguzo ya kibanda na hapo ndipo nilipoichukia desturi kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumpigia magoti nimweleze kwamba sikujua. Lakini maneno yenyewe, kulala, kupumzika, wawili wawili, ningeyatamkaje mbele yake? Hata nguzo sikuwa na uso wa kuiambia. Nikamkabidhi mama wa uji ile chupa, akampelekea.

Alikunywa taratibu mpaka ikaisha.

"Mwambie mkwe wangu," alimwambia mama wa uji, "chai yake ina tangawizi ya kutosha."

Kisha akapanda basi.

Krismasi tulipanda Mbebe. Tulikuwa jikoni na mama mkwe na wifi zangu, tunapika, na baba mkwe yuko nje ng'ambo ya ukuta na wageni wake. Ukuta ule ni wa mbao, kila neno linapita.

"Mkwe wangu wa Tunduma alinitafutia mahali pazuri," alikuwa akisema. "Mapazia mapya, ua msafi. Nililala mpaka asubuhi, sikusikia hata gari."

Wifi zangu walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwao. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikazidi kusonga. Afadhali angenisema vibaya. Ningelia, ningeomba radhi kupitia kwa mtu, yangekwisha.

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kitenge.

"Mwezi ujao nashuka naye, nikatazamwe macho," aliniambia. "Utuchukulie chumba hapohapo alipopumzika baba yako."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Ng'ambo ya ukuta baba mkwe alikohoa, halafu akaanza kuwaeleza wageni habari za mvua.