Mwishehe Alivyomfuata Nduguye Chini ya Ruvu

Mwishehe wa Kisarawe alikuwa mpasua mbao, mtu wa misumeno na vumbi. Maji aliyoyazoea ni ya kunywa na ya kutawadhia. Kuogelea kwake kulikuwa kule kwa kitoto, kwenye madimbwi ya mvua.

Mwaka ule masika iliangukia ndani ya Ramadhani. Ruvu ikafura, ikang'oa daraja la miti la shamba moja la mkonge upande wa Mlandizi, na lori lililokuwa juu yake likaenda nalo. Dereva alitolewa akitapika maji. Utingo hakuonekana. Na huyo utingo alikuwa Abeid, mdogo wake Mwishehe, tumbo moja.

Mama yao, Bi Mwanakheri, hakupiga yowe. Alimshika Mwishehe ukosi wa shati. "Mwanangu, usinirudie mikono mitupu. Nataka aoshwe, avikwe sanda, asaliwe. Mtoto wangu haliwi na mamba kama mbuzi aliyepotea."

Mwishehe akakata njia ya Mbwawa kwa miguu. Mtoni alimkuta Mgiriki mwenye shamba amekodi mashua ya wavuvi, na ndani yake ameweka mtungi wa hewa, ule aliozamia nao baharini siku zake za mapumziko. Alilitaka lori lake. Akaingia majini, na hata hajazama sawasawa, gogo lililokuja na mkondo likampiga bega. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Wakamvuta juu anatukana kwa lugha ya kwao.

"Nipe mimi, Bwana," Mwishehe akasema.

"Wewe umewahi kuzamia?"

"Sijawahi."

"Utakufa."

"Ndugu yangu yumo humo."

Mgiriki akayatazama maji. "Mnyororo kwanza. Funga kwenye lori. Maiti baadaye."

Mwishehe akavua shati, na yule akadhani amekubali.

Wakamvika mtungi mgongoni, mkanda wa vipande vya risasi wa kumzamisha kiunoni, kisu ubavuni, miwani usoni, mpira wa kupumulia mdomoni. "Pumua tu," Mgiriki akamwambia huku meno yakimgongana kwa maumivu. "Usizuie pumzi, mapafu yatapasuka." Mara ya kwanza Mwishehe alikurupuka anatema damu, ameuuma mpira hata fizi zikachanika. Mara ya pili akatulia.

Mshika kamba alikuwa Mashaka, baharia Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. "Mzaramo wee! Nenda kwa amani. Pilau ya matanga yako nitaila mimi, na ukoko nitakomba."

"Shika kamba, mpagazi wewe," Mwishehe akajibu. "Ukiiachia nitakuja kukukaba usingizini."

Akapiga bismillahi, akazama.

Kule chini giza lilikuwa la rangi ya matope. Mto ulimkamata, ukambamiza kwenye chuma, ukambamiza tena. Masikio yakamchoma kama yametiwa msumari wa moto, na moja likapasuka. Akapapasa mlango wa lori. Kioo kilichovunjika kikamchana kiganja. Akaingiza mkono. Akashika kitambaa, akashika bega. Abeid.

Hapo maji yakaanza kuvuja kwenye mpira, yakamjaa kinywani. Mwishehe alikuwa amefunga. Tangu utotoni, akisukutua mchana wa Ramadhani, alitema mpaka tone la mwisho. Mkono ukafanya ulichozoea: akautoa mpira ili ateme. Ruvu ikamwingia puani na kooni, kifua kikawaka. Akautafuta mpira, akausukumia mdomoni, akameza tope na maji yote, akavuta pumzi. Funga yake ikaishia hapo, na Mola ndiye ajuaye nia.

Akamvuta Abeid nje. Abeid akavutwa upande wa pili.

Mamba alikuwa ameng'ang'ania mguu. Alijizungusha, na wote watatu wakazungushwa naye, miwani ikang'oka. Mwishehe akachomoa kisu, akachoma, akachoma, mpaka kisu kikazama penye ulaini wa jicho. Mkia ukamvunja mbavu. Kisha kitu kikakatika, na uzito ukapungua.

Akaifungua kamba iliyomshika yeye, akaifunga kifuani kwa nduguye, akaitikisa. Mashaka akavuta. Mwishehe akautupa ule mkanda wa risasi, akaachia mto umrushe juu.

Walimpakia mashuani anatapika. Mgiriki akamzaba kofi kwa mkono uliobaki. "Mnyororo uko wapi?"

Mashaka akanyanyua kasia. "Mpige tena, Bwana, tuone kama na huo mkono mzima hautavunjika."

Hakumpiga tena. Lori likabaki kwa mamba.

Abeid aliletwa Kisarawe siku ileile juu ya gari la mkaa. Wanaume walipomaliza kumwosha, Bi Mwanakheri akauliza, "Amekamilika?"

"Mguu mmoja umebaki mtoni, mama."

"Alhamdulillahi. Mola anajua ulipo."

Wakamzika alasiri, na Mashaka, aliyewafuata njia nzima, aliingia kaburini kumpokea maiti bila kutania hata neno. Magharibi mama akampa Mwishehe kata ya maji.

"Fungua, mwanangu."

"Nilishafungua, mama. Kule chini. Niliyameza."

Mama akalitazama lile sikio lake lililokuwa likitoka damu, ambalo halikusikia tena mpaka anakufa. "Basi utailipa," akasema.

Shawwal ilipoingia akailipa, na Bi Mwanakheri akaamka naye daku, akafunga pamoja naye.