Mchango wa Changamoto

Mara ya kwanza insha yangu ya utafiti iliporudi, wino mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, mwishoni kabisa: "Tatizo liko wapi?" Chini yake zilikuwepo alama, ambazo sitazitaja kwa sababu mama yangu bado yu hai na anaweza kusomewa haya.

Nilikuwa nachukua diploma ya maendeleo ya jamii kwenye chuo kimoja hapa Mpanda, nimepanga chumba Ilembo, na hiyo insha ilikuwa ya sapu, ya kurudia somo nililoanguka. Mkufunzi alikuwa ameniachia nafasi moja ya kuirekebisha. Nikishindwa tena nadisko, yaani nafunga virago narudi nilikotoka, na nilikotoka ni Kakese, kwenye majaruba ya mpunga, ambako mama alikuwa ameshawatangazia akina mama wa jumuiya nzima kwamba bintiye yuko mbioni kuwa ofisa. Mama si mtu wa kutangaza kitu halafu kisitokee. Kwa hiyo tatizo nililijua vizuri liko wapi. Sikujua tu kwamba lilitakiwa liwe ndani ya insha.

Mada ilikuwa teknolojia katika jamii. Niliandika juu ya kichuguu cha kijijini kwa mama mdogo, upande wa Kabungu. Kijiji kiko bondeni na mtandao haushuki huko. Unapatikana juu ya kichuguu kimoja kikubwa kando ya njia ya kisimani, basi. Watu wamechomeka mti pale juu, wametundika kikapu, na simu za kijiji zinashinda humo kama mayai. Kwa kuwa akina mama wanaanika mahindi na kubangua karanga hapo hapo, wao ndio wapokeaji. Simu yoyote ikiita, aliye karibu anapokea: "Hapa ni kichuguuni, unamtaka nani?" Kisha anaita kwa sauti, au anaupokea ujumbe na kuufikisha jioni ukiwa umeongezwa chumvi kidogo. Mwenye simu hana kinyongo. Anayesemwa ni yule anayekwenda na simu yake shambani, maana huyo lazima ana jambo. Na mkuu wa kikapu ni mama mdogo, mjane asiyeogopa mtu, ambaye hakuchaguliwa na yeyote na hakuna anayethubutu kumwondoa.

Hayo niliyaandika kwa moyo wote, nikadhani ni utafiti.

Nikaenda ofisini kwa mkufunzi kumuuliza alama zinapatikanaje. Si mtu mbaya. Alinikaribisha kiti, akaniambia, "Binti, umeandika vizuri. Nimecheka peke yangu hapa. Hata mke wangu nimemsomea."

"Sasa mwalimu, mbona alama..."

"Kucheka hakuna alama."

Akachukua insha ya mwenzangu, yenye kava la plastiki linalong'aa, akanionyesha namna anavyosahihisha. Alianza nyuma. Akatazama vyanzo, kila kimoja kina jina na mwaka, akaweka tiki. Akarudi kwenye mapendekezo, tiki. Akarudi kwenye changamoto, zimekolezwa wino, tiki. Kisha akaruka mpaka kwenye jalada.

"Hapo katikati?" nikauliza.

"Katikati mimi sipiti. Yako nilipita nikitafuta changamoto. Muda uko wapi, na insha zote hizi?" Akaifunua yangu. "Hebu ona. Chanzo chako hiki, mama mdogo, ni cha mwaka gani?"

Nilimwambia sijui alizaliwa lini. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama daktari aliyeletewa mgonjwa akiwa amechelewa.

"Jamii isiyosumbuliwa na teknolojia ni jamii ambayo haijafanyiwa utafiti wa kutosha," alisema. "Rudi kule ukatafute changamoto. Na usisahau jinsia. Jinsia ina alama zake."

Nikapanda bodaboda hadi kwa mama mdogo, dodoso limekunjwa kwapani. Alinipa maji, akanisikiliza, akauliza, "Changamoto ndiyo nini?"

"Matatizo, mama. Yanayoletwa na simu."

"Ahaa. Yanatakiwa mangapi?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshapanda kichuguu. "Nyie! Mtoto wetu amekuja anatafuta changamoto! Asipozipata anafukuzwa chuo! Msije mikono mitupu!"

Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Kama hakufungiwa kuku, atafungiwa karanga, na asiye na karanga atamsindikiza mpaka njia panda. Sasa mgeni alikuwa mtoto wa nyumbani na alichotaka ni changamoto, basi watu wakachanga changamoto. Mmoja alileta tembo wanaokula mahindi. Nikamwambia tembo si teknolojia. Akafikiri, akasema, "Lakini tunawafukuza kwa tochi ya simu." Nikaandika. Bibi mmoja alinipa maumivu yake ya goti, na nilipositasita akaniuliza kama goti lake nalidharau. Nikaandika athari za kiafya. Kijana aliyerudi karibuni kutoka mjini alisema, "Weka bando linaisha chap, dada, hiyo ni shida ya kitaifa."

Wa mwisho kufika alikuwa jirani wa mama mdogo, Msukuma mmoja mpole ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Alikuwa machungani. Alipoambiwa kinachoendelea alisikitika kwamba amechelewa.

"Sasa mayu," alimwambia mama mdogo, akimwita mama kwa Kisukuma, "wote wameshasema. Mimi nimchangie nini mtoto?"

Nikamwambia imebaki sehemu ya jinsia, sijapata kitu.

"Jinsia ni nini?"

"Kama akina mama wana shida yoyote kwenye kutumia simu."

Alitazama kichuguuni. Mkewe alikuwa amesimama pale juu na simu ya mumewe sikioni, akimkatalia mnunuzi mmoja kuhusu fahali kwa maneno ambayo mnunuzi huyo hatayasahau. Jirani akatabasamu.

"Andika wanaume wa hapa tunawakataza wake zetu kushika simu."

Tulicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la shuka lake. Mama mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote. "Andika, andika," alisema, "kama ina alama!"

Basi nikaandika. Vyanzo niliazima hosteli, ambako vilikuwa vinazunguka chumba kwa chumba kama pasi ya mkaa, majina ya wazungu na miaka yao. Nikakoleza vichwa vya habari, nikaweka kava la plastiki. Ilirudi na alama ambazo mama alizitangaza mwenyewe, na jumuiya ikala pilau. Kwa wino mwekundu iliandikwa, "Kazi nzuri. Jinsia imejitokeza." Nilifurahi, sitasema uongo. Nililala usingizi mzito. Insha ikawekwa maktaba iwe mfano kwa wanaokuja.

Na wakaja. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, najitolea kwenye ofisi ya kata, mama mdogo aliponipigia.

"Mwanangu, kuna mtoto hapa katoka chuoni kwenu, ana makaratasi. Anachunguza kwa nini wanawake wa huku haturuhusiwi kushika simu. Nikamwambia nani kasema. Akasema imeandikwa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwonyesha simu yangu. Akauliza kama ni ya mume wangu. Nikamwambia mume wangu yuko kaburini, ya simu hayamhusu. Akaandika kwamba naogopa kusema ukweli."

Safari hii hakucheka. Mwanamke aliyeendesha mawasiliano ya kijiji kizima kwa mdomo wake alikuwa ameandikwa mwoga, na mwandishi wa kwanza nilikuwa mimi. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake nilikwenda kwa mkufunzi. Nilimwambia sehemu ile si ya kweli, watu walikuwa wananisaidia tu nifaulu, naomba iondolewe. Alinimiminia chai.

"Haiwezekani. Wewe sasa ni chanzo. Umetajwa kwenye insha kadhaa, jina na mwaka."

"Lakini mama mdogo ndiye anayeishi pale, mwalimu. Yeye anakanusha."

"Amekanusha wapi? Ameandika?" Kisha kwa upole kabisa, "Ukitaka kupinga utafiti, fanya utafiti. Uwe na vyanzo."

"Kuna vyanzo gani juu ya kijiji kile?"

"Kipo kimoja," alisema. "Cha kwako."

Nilitoka pale nimeghadhibika, nikampigia mama mdogo nimweleze kwamba nimeshindwa. Simu iliita mpaka ikakata. Nilipopiga tena siku iliyofuata alipokea mwenyewe, sauti yake imetulia. Nilimweleza yote.

"Achana nao," alisema. "Jana kaja mwingine. Kabinti kembamba, vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope. Kananiuliza kwa sauti ndogo, eti mama, una simu? Nikaona nikisema ninayo, ataandika naogopa, halafu huyo mwalimu wenu atamsumbua. Nikakifunika kikapu kwa kanga. Nikamwambia sina, mwanangu, sijawahi kushika."

"Akaamini?" nikauliza.

"Sasa ikaita humo humo ndani ya kanga. Yeye akatazama karatasi zake, mimi nikatazama karanga zangu, mpaka ikanyamaza. Alifurahi sana yule mtoto. Alishika mikono yangu yote miwili. Nikamfungia karanga."

Nilimuuliza nani alikuwa anapiga.

"Si wewe?" alisema. "Nilijua utapiga tena."